Nilianza kufundisha mazoezi nikitetemeka



Naomba nieleze jambo lililonikuta mimi, ambalo nadhani limewakuta au litawakuta wengi, hasa walimu wenzangu wa vijijini. Mtu akishajulikana kijijini kuwa ni mwalimu, huchukuliwa kuwa anajua kila kitu. Ataitwa kusoma maandishi ya dawa ya ng'ombe, ataandika barua za watu za madai, atakuwa katibu wa msiba leo na mweka hazina wa harusi kesho. Mimi yote hayo niliyazoea. Lakini siku nilipotajwa mbele ya mkutano wa kijiji kuwa niwe mwalimu wa mazoezi ya viungo kwa watu wazima, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Si mwembamba. Nalisema hili mapema maana ndilo jambo la kwanza walilolisema watu siku ile, tena kwa sauti ambayo hawakujali kuipunguza.

Ilikuwa mwezi Juni mwaka 2023, alizeti zimekwisha kupurwa na watu wana nafasi. Tabibu wa zahanati yetu alipewa dakika chache katika mkutano, akasema kuwa kila mwezi anaandika katika daftari lake watu wapya wenye presha na kisukari, na kwamba si wazee peke yao. Akaomba kijiji kiwe na kikundi cha mazoezi. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Sisi wakulima tufanye mazoezi ya nini? Jembe si mazoezi?" Watu wakapiga makofi. Nikiri kwamba hata mimi nilipiga makofi.

Tabibu hakubishana naye. Alimwuliza tu, "Mzee wangu, jembe ulilishika mara ya mwisho lini?" Kumbe ilikuwa ni mwezi wa pili. Huku kwetu mvua ni moja kwa mwaka. Inaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Ukishavuna unakaa. Na zamani hata aliyekaa alikuwa anatembea: maji yalikuwa mbali, mtama ulitwangwa kwa mchi, kwenda mnadani ni kwa miguu. Leo mashine ya kusaga iko karibu, bomba liko karibu, na kwenda mnadani unapanda bodaboda. Hayo ni maendeleo, wala sitaki turudi kwenye mchi. Lakini mwili haukuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Unapokea ugali uleule wa siku za kulima.

Basi likaulizwa swali la nani atafundisha. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwalimu yupo, si ndiye anayesimamia mchakamchaka shuleni!" Watu wakanigeukia. Mama mmoja akasema, nusu kwa utani na nusu si utani, "Huyo naye si afundishwe kwanza." Kicheko kikawa kikubwa. Mwenyekiti akaandika jina langu hukohuko ndani ya kicheko, nami sikupata hata nafasi ya kukataa.

Usiku ule sikulala vizuri. Ni kweli nilisoma Haiba na Michezo chuoni. Chuo changu cha ualimu, nilikotoka na cheti cha Daraja la III A, kilitufundisha kupanga watoto mistari, kuwapasha moto, kuchora uwanja wa netiboli na kupuliza filimbi. Lakini hayo ni kwa watoto. Mtoto ukimwambia ruka, anaruka. Mtu mzima ukimwambia ruka, anakuuliza mgongo wake ukikatika nani atalima shamba lake. Na mimi mwenyewe nilikuwa nikipanda kilima cha kwenda shuleni ninatweta. Nilijiona ni mtu anayekwenda kuuza dawa ambayo mwenyewe hajainywa.

Nikafanya kosa ambalo naamini wengi wenye wasiwasi hulifanya. Kwa kuwa sikujiamini, niliamua kujivika ujuzi wa mtu mwingine. Nilichukua simu nikaanza kutazama video za walimu wa mazoezi wa mijini. Vijana wenye vifua kama milango, wanaruka, wanajitupa chini kifudifudi, wanainuka kwa kishindo, na muziki unapiga. Nikasema, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Nikayaandika yale mazoezi kwenye karatasi, nikayakariri kama mwanafunzi anayekariri majibu bila kuelewa swali.

Siku ya kwanza walikuja watu 27. Wengi walikuwa akina mama, pamoja na wazee sita na vijana wachache waliokuja kunicheka. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. Moyo ulikuwa unanidunda, mdomo umekauka, na sauti niliyoizoea darasani ilikuwa imekwenda sijui wapi. Ili nisionekane mwoga nikapiga filimbi kwa nguvu, nikawaamuru wakimbie kuzunguka uwanja wa mpira mara tatu. Hatukupasha mwili moto. Sikumwuliza mtu kama ana ugonjwa, wala kama amekula. Nilichotaka ni kwamba mambo yaende haraka ili pasipatikane nafasi ya mtu kuniuliza swali.

Mzunguko wa pili haukwisha. Mama mmoja muuza vitumbua, umri wake kama miaka hamsini na kitu, alisimama akashika kichwa, akaketi, kisha akalala chini. Nilipomfikia alikuwa anatokwa jasho na maneno yake hayaeleweki. Tulimpakia kwenye bodaboda, kijana mbele na binti yake nyuma akimshikilia, akapelekwa zahanati. Presha ilikuwa juu. Ikajulikana kwamba alikuwa na dawa za presha ambazo alikuwa ameacha kuzimeza tangu mwezi uliotangulia kwa kuwa alijiona amepona, na kwamba tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai tu.

Alipata nafuu usiku uleule. Lakini kijijini habari ilikwisha kuwa nyingine: Mwalimu alitaka kuua mtu. Kesho yake watoto wa darasa la tano walikuwa kimya mno nilipoingia, na mwalimu anajua ukimya wa namna hiyo una maana gani. Nilimwambia Mwenyekiti kuwa kazi ile imenishinda. Filimbi nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwa wiki tano nilikuwa nikipita njia ya nyuma, ile ya kwenye mikorosho, ili nisipite mbele ya meza ya vitumbua.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wengi wanaosimulia habari za kujiamini huruka sehemu hii. Huanguka leo, kesho wameinuka. Mimi sikuinuka kesho. Hofu niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya kuchekwa. Hofu niliyopata baadaye ilikuwa ya haki kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemdhuru mtu kwa kutojua. Tofauti hii niliichelewa kuiona. Kuna hofu inayosema "wewe hufai", na kuna hofu inayosema "hili hujalijua". Zote mbili zinaudundisha moyo namna moja, kwa hiyo mtu huzichanganya. Ya kwanza huna la kuifanya ila kuizoea. Ya pili ina dawa, nayo ni kwenda kuuliza.

Aliyenitoa nyuma ya mlango ni yule mama muuza vitumbua mwenyewe. Alikuja nyumbani Jumapili moja jioni, na sahani ya vitumbua imefunikwa kwa kitambaa. Nilimwamkia shikamoo huku macho yangu yako chini. Akaitikia marahaba, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sasa dawa nameza kila siku. Tabibu ameniambia nitembee, lakini peke yangu naona haya. Tunaanza tena lini?" Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyekuangusha." Akajibu, "Uliniangusha, ndiyo. Sasa jifunze, kisha uniinue." Halafu akanidai sahani yake, maana kesho ilikuwa ni siku ya kazi.

Nilikwenda zahanati. Nilimwambia tabibu wazi kwamba sijui kufundisha watu wazima na kwamba ninaogopa. Nilidhani atanidharau. Badala yake alionekana kufurahi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Tuliketi siku tatu, saa moja kila jioni, na daftari. Alinieleza mambo ambayo leo nayaona ni ya kawaida lakini wakati ule yalikuwa mapya kwangu. Kwamba mtu mwenye presha anaweza na anatakiwa kufanya mazoezi, bali awe anameza dawa zake na aanze polepole. Kwamba kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, tena zaidi ya mara moja kwa siku mbalimbali, huyo aende kwanza kwa mganga. Kwamba mtu akiinua kitu kizito huku amebana pumzi, presha hupanda ghafla, hivyo afundishwe kupumua nje anapoinua. Kwamba mwenye kisukari asije na tumbo tupu, na akague nyayo zake, maana kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu. Na kwamba maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida si mambo ya kuambiwa "kaza moyo". Ni mambo ya kusimama hapohapo.

Nilimwuliza nitajuaje kwamba nimewachosha kupita kiasi wakati sina mashine ya kupima. Akaniambia njia rahisi sana: mtu anayefanya mazoezi ya kadiri anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, hajachoka. Akishindwa hata kusema sentensi nzima, punguza. Nilicheka, maana hicho ndicho kipimo cha mchakamchaka wetu tangu utotoni bila sisi kujua. Anayeitikia nyimbo mpaka mwisho bado ana pumzi.

Kisha nikafanya kile ambacho nilistahili kukifanya tangu mwanzo. Nilichukua daftari, nikaandika andalio la somo. Walimu wenzangu wananielewa. Chuoni andalio lilitutesa: lengo kuu, malengo mahususi, zana, hatua za somo, tathmini. Katika mazoezi ya kufundisha darasani, mkufunzi alikuwa akiketi nyuma na kalamu nyekundu, na wewe mbele miguu haikutii. Nilikuwa nikilichukia andalio lile. Lakini nilipoandika juu ya ukurasa, "Somo: Kuinuka kitini bila kushika. Muda: dakika 40. Wanafunzi: watu wazima 15", nilisikia mabega yangu yanashuka. Kwa mara ya kwanza kazi hii ilifanana na kazi ninayoijua. Sikuwa tena kijana wa kwenye simu mwenye kifua kama mlango. Nilikuwa mwalimu na andalio lake.

Kuna mtaalamu wa saikolojia, Albert Bandura, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, ambaye mwaka 1977 alieleza jinsi mtu anavyopata imani kwamba analiweza jambo. Alitaja njia nne. Iliyo kubwa kuliko zote ni kulifanya jambo lenyewe na kufaulu, hata kwa kidogo. Nyingine ni kumwona mtu anayefanana nawe akifaulu, kutiwa moyo na watu unaowaamini, na jinsi unavyozifasiri hali za mwili wako. Hii ya mwisho ilinisaidia sana. Moyo kudunda kabla ya kusimama mbele ya watu nilikuwa nikiufasiri kuwa ni dalili kwamba sifai. Lakini ni moyo uleule unaodunda ninapopanda kilima, na hakuna anayesema kilima kimemkataa. Mwili unajiandaa kwa kazi, basi.

Tuliporudi uwanjani, mwishoni mwa Agosti, walikuja watu 9. Sikuudhika. Tisa ninawaweza. Tabibu alikuja na kipimo chake, akampima kila mmoja chini ya mti. Mimi niliandika majina katika daftari la mahudhurio, na pembeni nikaweka alama kwa kila mwenye dawa anayoitumia. Kisha, kabla ya lolote, nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo: "Mara ile nilikosea. Niliwakimbiza bila kuwauliza hali zenu. Sitarudia. Mimi mwenyewe nina uzito, nanyi mnauona, kwa hiyo tutafanya wote na tutapumzika wote. Nisilolijua nitamwuliza tabibu."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa mkutanoni, aliyesema nifundishwe kwanza, alikuwa mmoja wa wale tisa. Alisema tu, "Haya, Mwalimu, tuanze, jua linazama."

Tulitembea uwanjani kwa dakika 10, polepole kisha haraka kidogo. Tukazungusha mabega. Tukaleta madawati kutoka darasani, kila mtu akaketi na kuinuka bila kushika kitu, mara tano, kisha kupumzika, kisha mara tano tena. Tukasimama kwa ncha za vidole tumeshika ukuta. Tukasimama kwa mguu mmoja, mkono karibu na ukuta, na hapo ndipo kicheko kilipotokea, lakini kilikuwa kicheko cha wote kwa wote, maana wote tulikuwa tukiyumba kama walevi wa pombe ya mtama. Tukamaliza kwa kutembea tena polepole. Hakuna aliyejitupa chini, hakuna muziki. Mtu wa mjini angepita angesema hawa wanacheza.

Juu ya mavazi nalo lilikuwa jambo. Wanawake wengi hawakuja mara ya kwanza si kwa kukosa hamu, ila kwa kuona aibu ya kuvaa suruali mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa nimekuja na trakisuti kama nilivyoona kwenye simu. Safari hii nilivaa suruali ndani, gauni juu na kanga kiunoni. Wiki iliyofuata wote walivaa hivyo, na idadi ikapanda. Viatu tulisema kila mtu na alivyo navyo, lakini kandambili tulizikataza, maana zinateleza. Aliyekosa raba alifanya pekupeku kwenye sehemu iliyofagiliwa, isipokuwa wenye kisukari. Hao hatukuwaruhusu pekupeku hata kidogo. Siku pia tulizibadilisha. Tulikuwa tumepanga Jumamosi, tukakuta Wasabato hawawezi, tukachagua Jumatatu, Jumatano na Alhamisi saa kumi na moja na nusu jioni, wakati jua limelegea.

Jambo lingine lililonipa nguvu ni dogo. Kulikuwa na binti wa darasa la sita aliyekuja na bibi yake kila siku. Ana sauti kali. Nikampa kazi ya kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kumbe nilikuwa nimepoteza nguvu zangu zote katika kuhesabu na kupaza sauti. Alipoichukua kazi hiyo, macho yangu yalipata nafasi. Nilianza kuona nani anabana pumzi, nani goti linamwuma lakini anaficha, nani anamtazama jirani ili asionekane wa mwisho. Nilimsogelea mzee mmoja nikamwambia polepole apunguze. Akanishukuru kwa macho. Siku ile nilikwenda nyumbani nikiwa na hakika kwamba mimi ni mwalimu wa mazoezi. Hakuna cheti nilichopewa. Niliona tu kitu ambacho mtu mwingine hakukiona, nikakitendea kazi.

Wapo watakaosema mwalimu wa mazoezi lazima awe bingwa kwanza. Jirani zetu Kenya wana mfano unaowapinga. Mwaka 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika Iten kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya Wavulana ya St. Patrick's. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha. Aliombwa kusaidia riadha ya shule, akaanza kwa kuwatazama vijana wanavyokimbia na kuwauliza. Mwanafunzi wa shule ile, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye Bruda Colm alimlea David Rudisha, aliyeshinda mita 800 huko London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, akashinda tena huko Rio mwaka 2016. Mimi simfananishi na mimi, la hasha. Wangu ni bibi wa miaka sabini ambaye ushindi wake ni kuinuka kwenye mkeka bila kuvutwa mkono. Nasema tu kwamba mwalimu wa jiografia aliweza kuanza kwa kutazama na kuuliza.

Haya ya riadha yalinikuta pia shuleni. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, kijana wa Mkoa wetu huu wa Singida, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Basi siku zilizofuata watoto walikuwa wakija shuleni mbio, madaftari mkononi, na kikundi cha wavulana wakanijia wakitaka niwafundishe marathoni. Mwaka 2023 ningewadanganya. Ningefungua simu usiku, kesho yake ningewakimbiza kilometa ishirini. Safari hii niliwajibu, "Marathoni siijui, na ninyi bado miili yenu inakua. Ninachokijua ni kuwafundisha kukimbia mbio fupi vizuri, kuruka, na kucheza saa moja kila siku. Marathoni tutamtafuta anayeijua." Walinung'unika kidogo, kisha wakakubali. Nilishangaa jinsi neno "siijui" lilivyotoka kinywani mwangu bila kuniumiza.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki. Nilipowatajia wenzangu hesabu hiyo walishtuka, wakadhani haiwezekani. Tukaigawa ubaoni kama hesabu ya darasa la nne. Vipindi vitatu vya dakika 40 ni 120. Zinabaki 30, na hizo ni kwenda mnadani kwa miguu na kurudi kwa bodaboda ukiwa na mzigo. Ikawezekana. Nakumbuka pia kuwa mwezi Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi kufanya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Wakati ule nililisikia redioni nikaona ni jambo la mijini na la wakubwa wenye fulana zinazofanana.

Leo kikundi kina watu 31 katika daftari, ingawa wanaofika kwa siku ni kati ya 15 na 20. Wengine waliacha, na wawili kati yao waliniambia wazi kuwa mazoezi yangu yanawachosha kwa upole wake. Wanataka ya kuruka. Nimewaelekeza kwa kijana anayefundisha mpira, nao wanaendelea vizuri. Zamani lingeniuma wiki nzima. Safari hii liliniuma siku mbili. Na si kweli kwamba hofu imekwisha. Kila siku nikifika uwanjani, kabla ya kusema neno la kwanza, tumbo hunikaza. Nimezoea kuliacha likaze wakati ninaita majina.

Mama muuza vitumbua, siku ya kwanza ya kupimwa kwa dawati, aliinuka na kuketi mara 6 kwa nusu dakika. Mwezi uliopita alifanya mara 12. Presha yake inapimwa kila mwezi, na dawa hajaacha. Mzee aliyesema jembe ni mazoezi hajajiunga mpaka leo, ila huleta kiti chake akaketi kando ya uwanja akitutazama, na wiki mbili zilizopita nilimwona anainua visigino kwa siri.

Sasa nina tatizo ambalo sijalipatia jawabu, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mvua zikianza, watu wote watakuwa mashambani tangu alfajiri, na jioni wanarudi wamechoka, tena kwa kuinama mgongo mmoja siku nzima. Mwaka wa kwanza tulifunga kikundi mpaka Mei, na wengi walirudi magoti yamekakamaa na presha za wengine zimepanda kwa kusahau dawa katika shughuli za kulima. Mwaka uliofuata nilijaribu kukutana nao Jumapili tu, wakaja wanne. Ninafikiria kipindi kifupi cha dakika 10 cha kunyoosha migongo hukohuko shambani kabla ya kula, kila jirani akiongozwa na jirani yake, lakini sijui kama watu watalikubali au wataona ni mzaha. Kama kuna mwalimu, bwana shamba au mganga wa kijijini katika mkoa wenye mvua moja kama wetu ambaye amelifanya jambo hili, namwomba aandike katika ukurasa huu alivyofanya na lilivyopokewa. Mvua zetu haziko mbali.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba, Singida.